Vita vya Sikio la Jenkins, 1739–1748: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Vita hivi vilikuwa kati ya nani na nani, na vilipiganwa wapi?

Vilikuwa vita kati ya Uingereza ya Mfalme George II na Hispania ya Mfalme Felipe V. Uingereza ilivitangaza rasmi tarehe 23 Oktoba 1739 kwa kalenda iliyokuwa ikitumika London wakati huo, na vilimalizwa kisheria na Mkataba wa Aix-la-Chapelle wa Oktoba 1748. Hata hivyo, mapigano mengi yaliyohusu chanzo chenyewe cha ugomvi yalifanyika kati ya 1739 na 1743. Baada ya hapo vita hivi vilimezwa na vita vingine vikubwa zaidi vya Ulaya.

Uwanja wake mkuu ulikuwa Bahari ya Karibi pamoja na pwani zinazoizunguka, yaani sehemu ambazo leo ni Panama, Kolombia, Venezuela, Kuba na Jamaika, halafu mpaka kati ya koloni la Kiingereza la Georgia na koloni la Kihispania la Florida. Kikosi kimoja kilizunguka Amerika ya Kusini na kuingia Bahari ya Pasifiki hadi Ufilipino. London na Madrid zilikuwa mbali na milio ya mizinga muda wote huo.

Je, ni kweli kwamba mataifa mawili yalipigana kwa sababu ya sikio la mtu mmoja?

Sikio lilikuwepo, na lilikatwa kweli, lakini halikuwa sababu ya vita. Robert Jenkins alikuwa nahodha wa merikebu ya biashara iliyoitwa Rebecca. Mwezi Aprili 1731, akiwa njiani kutoka Jamaika kwenda London na shehena ya sukari, alisimamishwa karibu na Havana na chombo cha walinzi wa pwani wa Hispania kilichoongozwa na Juan de León Fandiño. Walinzi hao waliipekua merikebu kutafuta bidhaa za magendo, wakamtesa nahodha ili aseme alikozificha, na mwishowe Fandiño akamkata sikio. Jenkins alifika Uingereza, akapeleka malalamiko yake, malalamiko yakapokelewa, na mambo yakaishia hapo. Kwa miaka saba hakuna aliyepandisha tanga kwa ajili ya sikio hilo.

Lilifufuliwa mwaka 1738, wakati wabunge wa upinzani walipokuwa wakitafuta kila njia ya kumdhoofisha Waziri Mkuu Robert Walpole. Jenkins aliitwa mbele ya Bunge. Simulizi maarufu inasema kwamba alifika akiwa amebeba sikio lake, akaulizwa alijisikiaje alipokuwa mikononi mwa adui, naye akajibu kwamba roho yake aliikabidhi kwa Mungu na kesi yake kwa nchi yake. Kumbukumbu za Bunge zinathibitisha kwamba aliitwa. Hazithibitishi kwamba alifika, sembuse kwamba alionyesha kiungo chochote. Jina lenyewe la vita halikutumiwa na watu waliovipigana. Lilibuniwa na mwandishi wa Kiskoti Thomas Carlyle mwaka 1858, zaidi ya miaka 100 baadaye, na kwa kuwa linachekesha lilishika. Wahispania wanaviita Vita vya Asiento, yaani vya kandarasi ya kuleta watumwa inayoelezwa hapa chini, na jina hilo, ingawa halina mvuto wa simulizi, linasema kweli zaidi.

Kwa wanaopenda kujua hatima ya wahusika: Jenkins aliendelea kufanya kazi katika Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki na kwa muda alisimamia kisiwa cha St Helena, na Fandiño alitekwa baharini na manowari ya Kiingereza mwaka 1742.

Basi chanzo halisi kilikuwa nini?

Chanzo kilikuwa haki ya kuuza watu na bidhaa katika makoloni ya Hispania, pamoja na nani alikuwa na mamlaka ya kusimamisha na kupekua meli katika bahari ya Karibi.

Hispania ilikuwa imeshikilia kanuni kwamba makoloni yake ya Amerika yanunue na kuuza kupitia wafanyabiashara wa Hispania pekee. Kanuni hiyo ilikuwa na tundu moja kubwa. Hispania haikuwa na vituo vya kununulia watumwa katika pwani ya Afrika, hivyo ililazimika kuwapa wageni kandarasi ya kuleta Waafrika katika makoloni yake. Kandarasi hiyo ndiyo iliyoitwa asiento. Baada ya Vita vya Urithi wa Hispania, mwaka 1713, Uingereza ilipewa kandarasi hiyo kwa miaka 30, na Serikali ya London ikaikabidhi kwa Kampuni ya Bahari ya Kusini, ile ile ambayo hisa zake zilipanda kupita kiasi na kuanguka mwaka 1720.

Masharti ya kandarasi yanastahili kusomwa polepole, kwa sababu yameandikwa kwa lugha ya karani wa ghala. Kampuni iliruhusiwa kupeleka kila mwaka piezas de Indias 4,800. Pieza moja haikuwa sawa na mtu mmoja: ilikuwa kipimo kilicholingana na mtu mzima mwenye afya na kimo kilichowekwa, na mtoto, mzee au mgonjwa alihesabiwa kuwa sehemu tu ya pieza. Kwa kila pieza kampuni ililipa ushuru wa peso 33 na theluthi moja kwa mfalme wa Hispania, na mfalme huyo huyo alikuwa na robo ya hisa katika biashara yenyewe. Kwa hiyo pande mbili zilizokuja kupigana baadaye zilikuwa kwanza washirika, na mtaji wao ulikuwa Waafrika.

Juu ya watumwa, kampuni ilipewa ruhusa ya kupeleka meli moja ya bidhaa kila mwaka, yenye uzito wa tani 500, kwenye maonyesho ya biashara ya bandari kama Portobelo. Maofisa wa Hispania walilalamika kwamba meli hiyo haikuwa ikiisha mzigo, kwa kuwa vyombo vingine vilikuwa vikiijaza upya kwa siri. Nje ya kampuni, wafanyabiashara wa Jamaika walikuwa wakiendesha magendo waziwazi, wakishusha nguo, unga na watumwa katika ghuba zisizo na walinzi na kurudi na fedha. Wakoloni wa Kihispania wenyewe walifurahia magendo hayo, maana bidhaa zilikuwa nafuu.

Hispania ilijibu kwa kutoa vibali kwa vyombo binafsi vifanye kazi ya ulinzi wa pwani. Wenye vyombo hivyo hawakulipwa mshahara, bali waliishi kwa sehemu ya mali waliyoikamata, na ni rahisi kuona matokeo yake: mlinzi asiyekamata hali. Walisimamisha magendo ya kweli, wakasimamisha pia meli halali zilizobeba fedha ya Kihispania, kwa hoja kwamba fedha hiyo ni ushahidi wa magendo. Uingereza ilidai kwamba katika bahari kuu hakuna mwenye haki ya kuipekua meli yake. Hispania ilidai kwamba meli inayoonekana karibu na makoloni yake bila sababu inajishtaki yenyewe. Kila upande ulikuwa na sehemu ya ukweli, na hakuna uliokuwa msafi.

Je, vita hivi vingeweza kuepukwa?

Vilikaribia sana kuepukwa. Walpole hakuvitaka, na alikuwa na sababu za kibiashara: wafanyabiashara wengi wa Kiingereza walipata faida yao kwa kuuza vitambaa kihalali nchini Hispania kwenyewe, mahali ambapo vita vingeufunga mlango huo mara moja. Mnamo Januari 1739 wajumbe wa pande zote mbili walitia saini Makubaliano ya Pardo. Madai ya meli zilizokamatwa yalijumlishwa na kupunguzwa hadi Hispania ikakubali kulipa pauni 95,000, wakati huohuo ikisisitiza kwamba Kampuni ya Bahari ya Kusini imlipe mfalme wake pauni 68,000 za ushuru na faida iliyocheleweshwa.

Kampuni ilikataa kulipa. Serikali ya Uingereza nayo, ikiogopa kelele za Bunge na za magazeti, iliacha kundi la manowari zake katika Bahari ya Mediterania badala ya kuliondoa. Hispania ikaona inatishiwa mtutu wa bunduki huku inadaiwa, ikazuia malipo na kusimamisha asiento. Kufikia Julai 1739 London ilikuwa imeidhinisha kukamatwa kwa meli za Hispania, miezi mitatu kabla ya kutangaza vita.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba tofauti kati ya madai hayo mawili ilikuwa pauni 27,000. Vita vilivyofuata viligharimu mamilioni. Kwa maoni ya mwandishi wa ukurasa huu, kampuni iliyokataa kufungua vitabu vyake vya hesabu inastahili lawama kubwa kuliko Fandiño na kisu chake.

Kwa nini wanahistoria huviita vita vyenye mipaka?

Kwa sababu hakuna upande uliokusudia kuuangusha ufalme wa mwenzake, kuteka mji wake mkuu au kumbadilisha mfalme. Uingereza ilitaka kukata mishipa ya fedha iliyotoka Peru na Meksiko kwenda Cádiz, kunyakua bandari moja au mbili za kufaa, na kulazimisha biashara ifunguliwe. Hispania ilitaka tu kuhimili mapigo mpaka adui achoke, na ilijua kwamba tabianchi ya Karibi ingeifanyia sehemu ya kazi. Silaha zao kuu zilikuwa manowari, ngome, na vyombo binafsi vyenye vibali vya kuteka meli za biashara. Mamia ya meli za wafanyabiashara zilitekwa kwa kila upande.

Mipaka hiyo ilitegemea pia Ufaransa kukaa pembeni. Mnamo Oktoba 1740 Kaisari Charles VI alifariki, Desemba mwaka huohuo Frederick II wa Prussia akaivamia Silesia, jimbo la Austria, na Vita vya Urithi wa Austria vikaanza. Ufaransa ilipoingia rasmi dhidi ya Uingereza mwaka 1744, ugomvi wa Karibi ukawa kona ndogo ya moto mkubwa. Tahadhari moja tu: vita vyenye mipaka kwa wafalme havikuwa na mipaka kwa baharia aliyekufa kwa homa, wala kwa mtu aliyekamatwa akauzwa.

Portobelo ilitekwaje, na kwa nini habari zake zilipokelewa kwa shangwe kubwa?

Portobelo, iliyoko Panama ya leo, ndiyo ilikuwa bandari ambamo fedha ya Peru ilipakiwa melini kwenda Hispania baada ya kuvushwa kwa nyumbu kutoka upande wa Pasifiki. Admirali Edward Vernon, ambaye aliwahi kuwa mbunge wa upinzani, alikuwa amejigamba kwamba angeiteka kwa meli sita. Mwishoni mwa Novemba 1739 aliingia akiwa na meli sita. Ngome zilikuwa zimepuuzwa na mizinga mingine haikuwa tayari kwa matumizi; mapigano yenyewe yalichukua muda mfupi, na mji ukasalimu amri siku iliyofuata. Vernon alikuta peso 10,000 zilizotengwa kwa mishahara ya askari wa Hispania akazigawa kwa mabaharia wake, akatumia majuma kadhaa kulipua ngome, kisha akaondoka.

Huko Uingereza zilitengenezwa nishani nyingi zenye sura yake, na mitaa ikapewa jina la Portobello. Shangwe hiyo ilikuwa na dosari yake. Watawala na umma wote wawili walijifunza somo lisilo sahihi, kwamba ngome za Hispania zinaanguka zikipigwa teke. Kwa upande mwingine, pigo hilo lilikuwa na athari ya kudumu ambayo shangwe haikuitaja: misafara mikubwa ya meli za Hispania kwenda Portobelo haikurudi tena, na biashara ya Peru ikaanza kupitia meli mojamoja zilizosajiliwa, nyingine zikizunguka Rasi ya Horn.

Nini kilitokea Cartagena de Indias mwaka 1741?

Hili ndilo pambano kubwa la vita vyote, na ndilo ambalo Waingereza walilisahau haraka kuliko mengine. Mnamo Machi 1741 Vernon alitokea mbele ya Cartagena, katika Kolombia ya leo, akiwa na meli zipatazo 186, kati yake manowari kubwa 29, na watu wapatao 27,000 ukiwajumlisha mabaharia, askari, wakoloni wa Amerika ya Kaskazini na watumwa kutoka Jamaika. Ndani ya mji walikuwemo walinzi wasiozidi 4,000 hivi, na manowari sita. Makamu wa Mfalme Sebastián de Eslava alikuwa mkuu wa ulinzi wote, na majini aliongoza Blas de Lezo.

Cartagena haifikiki kwa urahisi kutoka bahari kuu. Meli kubwa ilibidi zipite mlango mwembamba wa Bocachica, uliolindwa na ngome ya San Luis na kufungwa kwa mnyororo na magogo, kisha zipite bandari ya nje, halafu bandari ya ndani, ndipo zikabiliane na ngome ya San Felipe de Barajas iliyo juu ya kilima. Kila hatua ilikula siku. San Luis peke yake ilistahimili zaidi ya majuma mawili ya mizinga, na walinzi walipoiacha walizamisha meli zao wenyewe ili kuziba njia. Vernon, akiamini kazi imekwisha, alituma habari za ushindi London. Huko zikafuliwa nishani zinazomwonyesha Lezo akiwa amepiga magoti mbele yake, jambo ambalo halikutokea kamwe, na nishani hizo bado zimo katika makumbusho.

Wakati huo uongozi wa Waingereza ulikuwa umepasuka. Jenerali Cathcart, aliyepaswa kuongoza jeshi la nchi kavu, alikufa kwa kuhara damu Desemba 1740 kabla hata ya kufika. Nafasi yake ilichukuliwa na Thomas Wentworth, mtu makini lakini asiye na uzoefu wa vita vya aina hiyo. Vernon alimwona mzembe, naye alimwona Vernon mjeuri anayetoa amri kutoka sitahani bila kukanyaga matope. Walikuwa wakiandikiana barua za kulaumiana huku wakionana kwa macho.

Shambulio la San Felipe lilifanywa alfajiri ya tarehe 20 Aprili bila ukuta wa ngome kutobolewa kwanza kwa mizinga. Vikosi vilipotea njia, kiongozi wa msafara akauawa, na jua likawakuta askari wa makoti mekundu wakiwa mteremkoni, wazi kabisa. Inasimuliwa pia kwamba ngazi walizobeba zilikuwa fupi kuliko ukuta. Mamia waliuawa au kujeruhiwa kwa saa chache. Lakini muuaji mkubwa alikuwa homa ya manjano. Mvua zilikuwa zimeanza, askari walirundikwa katika meli za kubebea watu zisizo na nafasi wala matabibu wa kutosha, na maiti zikawa zinatupwa bandarini bila kuzikwa. Mwezi Mei kundi lote liliondoka kurudi Jamaika, likiwa limepoteza maelfu.

Kati ya wakoloni wapatao 3,600 walioandikishwa kutoka Amerika ya Kaskazini ni wachache tu waliorudi makwao. Mmojawao alikuwa Lawrence Washington wa Virginia, ambaye aliliita shamba lake Mount Vernon kwa heshima ya admirali wake. Mdogo wake wa upande wa baba, George, alilirithi baadaye.

Blas de Lezo alikuwa nani?

Alikuwa baharia wa Kibaski aliyeingia jeshini akiwa kijana mdogo. Kabla hajafikisha umri wa miaka 30 alikuwa amepoteza mguu, jicho moja na matumizi ya mkono mmoja katika mapigano tofauti. Aligombana vikali na Eslava wakati wa kuzingirwa kwa Cartagena, na alikufa mjini humo Septemba 1741, miezi michache baada ya ushindi, bila kupewa heshima aliyostahili. Sanamu yake ya Madrid iliwekwa mwaka 2014 tu.

Waafrika walikuwa na nafasi gani katika vita hivi, mbali na kuwa bidhaa inayogombaniwa?

Nafasi kubwa kuliko vitabu vingi vya majeshi vinavyokiri. Tangu 1693 mfalme wa Hispania alikuwa ametangaza kwamba mtumwa atakayetoroka makoloni ya Waingereza, akafika Florida na kukubali dini ya Kikatoliki, atakuwa huru. Haukuwa upole, Hispania iliyokuwa ikinunua watumwa kwa mkono mmoja ilikuwa ikimnyang'anya adui nguvukazi kwa mkono wa pili. Lakini kwa aliyekuwa akilima mpunga Carolina ya Kusini chini ya mjeledi, tangazo hilo lilikuwa njia.

Mwaka 1738 Gavana Manuel de Montiano aliwapa watoro hao mahali pao, kijiji chenye ngome kilichoitwa Gracia Real de Santa Teresa de Mose, kilomita chache kaskazini mwa St. Augustine. Kamanda wa wanamgambo wake alikuwa Francisco Menéndez, Mmandinka aliyewahi kuwa mtumwa Carolina. Jumapili ya tarehe 9 Septemba 1739, wakati habari za vita zilipokuwa zinasambaa, watumwa wa eneo la Stono, Carolina ya Kusini, waliteka duka la silaha na kuanza kutembea kuelekea kusini, wakipiga ngoma na kupeperusha bendera. Kiongozi wao anatajwa kwa jina la Jemmy, na wengi wao wanaaminika kuwa walitoka ufalme wa Kongo, ambako Ukatoliki ulikuwa umeingia tangu karne ya 15. Waliua wazungu zaidi ya 20 kabla ya kuzidiwa. Carolina ikajibu mwaka uliofuata kwa sheria kali iliyowazuia watumwa kukusanyika, kujifunza kuandika na kujitafutia kipato.

Jenerali James Oglethorpe wa Georgia aliivamia Florida mwaka 1740, akakalia Mose iliyokuwa imehamwa, na kuuzingira mji wa St. Augustine. Kuta za ngome ya San Marcos zilijengwa kwa jiwe laini la makombe ya baharini, ambalo badala ya kupasuka lilimeza risasi za mizinga. Alfajiri ya tarehe 26 Juni, Wahispania, wenyeji wa asili na wanamgambo weusi waliishambulia Mose na kuwaua Waingereza wapatao 70. Oglethorpe aliondoka mwezi uliofuata. Hispania ilipojaribu kulipiza kwa kuivamia Georgia mwaka 1742, nayo ilirudishwa nyuma katika kisiwa cha St. Simons, na mpaka ukabaki pale pale ulipokuwa.

Maisha ya Menéndez baada ya hapo yanaeleza vita hivi kuliko nishani yoyote. Alijiunga na chombo chenye kibali cha kuteka meli, akatekwa na Waingereza mwaka 1741, akachapwa viboko 200 kwa tuhuma za yaliyotendeka Mose, na mahakama ya majini huko Bahama ikaamua kwamba yeye ni mali, si mfungwa wa vita, hivyo auzwe. Askari wa Kihispania mwenye ngozi nyeupe aliyetekwa katika chombo hichohicho angebadilishwa na mfungwa mwingine. Miaka ya 1750 Menéndez anaonekana tena Mose akiwa kiongozi, na mwaka 1763, Florida ilipopewa Uingereza, alihamia Kuba na watu wake.

Safari ya Anson ilikuwa na uhusiano gani na vita hivi?

George Anson alitumwa Septemba 1740 na manowari sita kwenda kushambulia pwani ya Pasifiki ya Hispania. Jeshi la majini lilikuwa na upungufu mkubwa wa watu, hivyo alipewa wastaafu 500 wa hospitali ya wanajeshi ya Chelsea. Wenye uwezo wa kutembea walitoroka. Waliofikishwa melini walikuwa 259, wengine wakipandishwa kwa machela. Kiseyeye kiliwamaliza karibu wote, pamoja na vijana. Meli ya Wager ilivunjika pwani ya Chile mwaka 1741, nyingine mbili zikarudi nyuma, na hatimaye ikabaki Centurion peke yake.

Juni 1743, karibu na Ufilipino, Centurion iliikamata Nuestra Señora de Covadonga, jahazi kuu lililobeba fedha kutoka Acapulco kwenda Manila, likiwa na peso 1,313,843. Anson alirudi Juni 1744, na hazina hiyo ikapitishwa mitaani London kwa magari 32 ya kukokotwa. Kati ya watu zaidi ya 1,800 walioondoka naye, walioingia Uingereza ndani ya Centurion walikuwa 188. Waliouawa na adui katika safari nzima walikuwa wachache mno. Zaidi ya 1,300 waliuawa na maradhi. Maafa hayo ni sehemu ya yaliyomsukuma tabibu James Lind kuchunguza kiseyeye na kuandika juu yake mwaka 1753.

Nani alishinda?

Hakuna. Walpole alijiuzulu Februari 1742, akiwa ameangushwa na vita alivyovikataa. Majaribio ya Waingereza huko Kuba, Panama, La Guaira na Puerto Cabello yalishindikana yote kati ya 1741 na 1743. Pambano la mwisho la majini lilifanyika karibu na Havana mnamo Oktoba 1748, wakati wajumbe wa Ulaya walikuwa wameshakubaliana misingi ya amani tangu Aprili.

Mkataba wa Aix-la-Chapelle haukutaja kabisa haki ya kupekua meli, ambayo ndiyo iliyodaiwa kuwa kiini cha ugomvi. Uliirudishia Uingereza asiento kwa miaka minne iliyopotea. Hata hiyo haikutumika: kwa Mkataba wa Madrid wa tarehe 5 Oktoba 1750, Kampuni ya Bahari ya Kusini iliachia haki zake zote na kulipwa pauni 100,000, kiasi kinachokaribiana mno na zile pauni 95,000 za Pardo. Biashara ya kupeleka Waafrika katika makoloni ya Hispania haikusimama. Ilipewa wakandarasi wengine.

Kwa nini vitabu vinatofautiana kuhusu tarehe?

Hispania ilikuwa ikitumia kalenda tunayoitumia leo, ilhali Uingereza iliendelea na kalenda ya zamani hadi 1752 na hivyo ilikuwa nyuma kwa siku 11. Tarehe 23 Oktoba 1739 ya London ni tarehe 3 Novemba ya Madrid. Katika ukurasa huu, tarehe za Stono na kutangazwa kwa vita ni za kalenda ya Kiingereza. Ile ya shambulio la San Felipe, ile ya Mose na zile za mikataba ni za kalenda ya sasa. Anayetaka kulinganisha nyaraka za pande mbili aongeze siku 11 kwa zile za Waingereza kabla ya kuamua kwamba mwandishi mmojawapo amekosea.